Cherehani kwenye buti

Jumamosi, 11 Januari 2025. Mbezi hadi Iringa mjini

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi ya Magufuli, mimi, dada, na cherehani. Kondakta aliizunguka ile cherehani mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akataja bei ya mzigo, nikataja yangu, tukakutana katikati. Ikalazwa kwenye buti. Niliinunua wiki moja nyuma, zawadi ya kumuaga. Amekaa kwangu miaka mitatu, nikasema moyoni binti wa watu hawezi kurudi kwao mikono mitupu.

Namwita dada kwa sababu mwanangu anamwita dada, na mwanangu anamwita hivyo kwa sababu ndivyo wasichana wa kazi wanavyoitwa mjini. Jina lake liliachwa mlangoni pamoja na kandambili. Alipokuja Januari 2022 nilimuuliza kama anajua kupika na kama ana mchumba. Shule sikuuliza. Mwaka jana, mwezi wa tisa, nilimsikia jikoni akinong'ona kwenye simu, "Mwambie mama atakuja Krismasi." Mama nani? Ndipo nikajua ana mtoto wa kiume. Yeye na wangu wamepishana wiki tano. Miaka mitatu alimlea wangu, wake akilelewa na bibi.

Chalinze basi likasimama kwa foleni. Nikakumbuka kwamba ni hapa, Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza hadharani kuwa katika utawala wake mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule. Nikamuuliza dada kama alisikia wakati ule. Alikuwa darasa la sita. Anasema habari iliwafikia kupitia redio, na kesho yake mwalimu akawarudia wasichana maneno hayo mstarini, wavulana wakiwa pembeni wanacheka. Mwaka 2020, akiwa kidato cha pili, yakamkuta. Alitolewa mwezi wa kumi, ujauzito ukiwa umeanza kuonekana. Mvulana aliendelea, akamaliza.

Novemba 2021 serikali ikageuza msimamo, ukatoka waraka wa kuwaruhusu walioacha shule kwa sababu yoyote, mimba ikiwamo, kurudi. Wakati huo mtoto wake hajafikisha hata mwaka. Waraka ulishuka kutoka wizarani hadi shuleni. Jikoni kwao haukufika. Na ungefika, mama yake anaondoka alfajiri kwenda kibarua, mtoto angeshikwa na nani? Miezi miwili baadaye jirani akamleta Dar es Salaam.

Mikumi abiria wote waliegemea upande mmoja kuangalia tembo. Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipitishwa madirishani. Dada alilala njia nzima, ila basi lilipoanza kujikokota kupanda Kitonga akazinduka mwenyewe, akafungua kioo, akavuta pumzi. Hakusema neno. Iringa tuliingia mchana wa saa tisa, na baridi yake.

Jumapili, 12 Januari. Iringa mjini

Siku ya hesabu, na sikujiandaa nayo.

Mshahara wake tulikubaliana nusu natuma kwao kila mwezi, nusu namhifadhia. Mtindo huu unapendwa sana na sisi tunaoajiri. Tunauita kumsaidia binti asitapanye. Asubuhi gesti nikamwambia nitamkabidhi chake chote, nikataja kiasi. Akafungua begi, akatoa daftari la kurasa tisini na sita. Miezi yote imeandikwa, tarehe niliyotuma, kiasi, hata makato ya simu. Yeye ana miezi 36, mimi nina 35. Tulibishana kidogo, kwa adabu, mpaka akaniuliza, "Anti, ule mwezi ulioenda semina Arusha?" Nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa ninamdai mtu uaminifu huku mwezi wake umelala kwangu.

Nikipekua lile daftari nikakuta nyuma kuna michoro: mistari, viduara, herufi L na N na E. Nilidhani mwanangu amechezea. Kumbe mwaka juzi fundi umeme alipokuja kubadilisha mein swichi nyumbani, huyu ndiye alimshikia tochi saa mbili nzima, akawa anauliza, usiku akachora alichokiona. Nikasema, "Hongera." Nikafunga daftari. Wala sikupata akili ya kuunganisha jambo hilo na cherehani iliyokuwa chini ya kitanda.

Jumatatu, 13 Januari. Kijijini, wilaya ya Kilolo

Leo shule zimefunguliwa nchi nzima. Njiani tulipishana na vikundi vya watoto wa kidato cha kwanza, sketi zimewapita magoti, begi mpya, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Noah ilitufikisha ilipoweza, dereva akasema mbele hapana. Tukamalizia kwa bodaboda mbili: moja yetu sisi wawili, moja ya cherehani peke yake, imefungwa kwa mpira kama mgonjwa. Mvua ilitukuta juu ya kilima.

"Kamwene," mama yake alitupokea, nami nikajibu kamwene na kuongeza shikamoo kwa usalama. Mama bado kijana, nadhani hajafika hamsini, ila mikono imemzidi umri. Mtoto alikuwa nyuma ya khanga yake. Dada alichuchumaa matopeni akafungua mikono. Mtoto akamtazama, akamvuta bibi yake khanga: "Mama, huyu nani?" Nisingependa kuandika zaidi kuhusu dakika ile.

Huu ni msimu mbaya wa kurudi shule. Mahindi yako magotini, palizi imebana, ghala limebaki vumbi, na kila mwenye miguu anahitajika shambani. Baba mdogo alipofika jioni hakuzungumzia ada wala sare. Alizungumzia jembe. Mtu mzima wa miaka 21 akakae darasani, shamba apalilie nani? Kisha akalifikia alilolijia: kama nguvu kazi imekosekana, shamba la kaka yake marehemu lirudi ukoo, yeye yupo tayari kulitunza.

Mama hakujibu. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, akatoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Jina lake, picha yake, mhuri wa kijiji. Akamwekea shemeji yake mapajani, akaendelea kuchambua mboga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999 na inampa mwanamke haki ileile ya mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi, lakini sheria bila karatasi yenye jina lako ni hadithi ya mbali. Baba mdogo aliisoma taratibu, midomo ikicheza, akaaga kabla ya chakula.

Usiku nikakabidhi cherehani, kwa hotuba. Dada alishukuru sana. Mama alishukuru pia, akapapasa gurudumu lake, kisha akasema kwa upole wa mtu asiyetaka kumuumiza mgeni: "Hapa kijijini ziko tano. Zote zimefunikwa shuka." Akaendelea: watu wanavaa mtumba. Sare za shule zinashonwa mjini kwa oda. Mradi mmoja ulishawahi kufundisha wasichana kumi na wawili ushonaji mwaka mmoja, kijiji kimoja, nguo za kushona zikawa zile walizokuwa wanashoneana wenyewe.

Jumanne, 14 Januari. Kikao cha kikundi

Saa nane mchana, baraza ya ofisi ya kijiji. Ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mama yumo. Wanakikundi 27, wanne wanaume. Sanduku la bati katikati lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi. Likishafunguliwa kila kitu kinahesabiwa kwa sauti, wote wasikie. Hisa moja ni shilingi 2,000, mwisho tano kwa wiki, zinagongwa mhuri kwenye kijitabu ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake. Anayechelewa faini, simu ikilia faini. Yangu ililia. Nililipa 500 na kushangiliwa.

Mfumo huu wa sanduku haukutoka benki yoyote. Ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, ukasambaa Afrika. Nguvu yake ni kwamba riba haiondoki kijijini: wanakopeshana kwa asilimia tano kwa mwezi, na mwisho wa mzunguko ongezeko lote wanagawana kwa hisa.

Linganisha na kiti kimoja kilichokuwa kitupu. Mwenye kiti hicho alikopa laki mbili nje ya kikundi, kwa watu wanaokuja kwa pikipiki na daftari. Marejesho 35,000 kila wiki, wiki nane. Piga mwenyewe. Wiki ya tatu mtoto akaugua, ya nne akashindwa, ya tano wakachukua godoro. Sasa kila Ijumaa analala kwa dada yake kijiji cha pili ili asikutwe. Kausha damu, ndivyo wanavyoiita, na sioni jina linalofaa zaidi. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea mwaka jana. Kikundi hiki kimeomba. Wanasubiri. Mwenye pikipiki yeye hasubirishi mtu, na hiyo ndiyo siri yake yote.

Mama akasimama akaomba mkopo wa kumpeleka binti chuo. Tatizo likajitokeza: waligawana Desemba. Sanduku la Januari ni jepesi, na mgao wake mama aliutia kwenye mbolea ya kukuzia. Kwa hisa alizo nazo mwaka huu, kanuni inampa kiasi kisichotosha godoro na ndoo. Katibu, kijana makini mwenye kalamu mbili mfukoni, akasoma kanuni. Mfuko wa jamii je? Huo ni wa msiba na ugonjwa tu.

Hapo akasimama bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akisuka ukili. "Mtu akifa tunachanga hatuulizani. Binti akienda shule mnamsomea kanuni. Basi mwandikeni amefiwa."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini mwenyekiti hakucheka. Wakajadili saa nzima. Wengine waliogopa kufungua mlango, kesho kila mmoja atakuja na mtoto wake. Mama mmoja akasema mlango huo ufunguliwe, kwani watoto hao ni wa nani? Mwisho wakaamua mambo mawili. Mfuko wa jamii utoe kiasi kidogo, mara moja kwa kila kaya kwa mwaka, kwa anayeanza shule au chuo. Na la pili, lililomfanya mama afunike uso kwa khanga: shamba lake litapaliliwa kwa zamu, watu sita kila Alhamisi, hadi palizi ya pili iishe.

Pesa waliyotoa ingetoka hata mfukoni mwangu. Zile Alhamisi nisingeweza kuzitoa. Nimekuwa nikidhani maskini anapungukiwa kitu, mashine, mtaji, semina. Tangu Jumamosi kila nilipogusa nimekuta kinachopungua ni saa: nani atamshika mtoto, nani atapalilia, nani atachota maji.

Jioni nikamuuliza dada, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, anataka kusoma nini. Akajibu bila kufikiri: "Umeme." Nguzo zimefika kijijini. Kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000, watu wanalipa. Lakini kutandaza waya ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na fundi anatoka Iringa, anadai nauli, chakula na kulala. Kahesabu nyumba zenye nguzo jirani zisizo na waya bado. Sabini na moja. Ziko kwenye daftari.

Jumatano, 15 Januari. Chuoni

Asubuhi ilipotea kutafuta barua ya utambulisho. Mwenye kuitoa alikuwa kikaoni, mwenye mhuri alikuwa shambani, mhuri wenyewe ulikuwa kwa mke wake. Tuliondoka saa tano.

Chuo ni kimoja kati ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanza 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere kwa mfano wa shule za watu wazima za Sweden. Viko 54 nchini. Majengo ya matofali mekundu, mikaratusi, bati lililopauka. Kwa miaka mingi vilikuwa vimesahaulika, watu wakivipita wakidhani ni maghala. Sasa vimepata kazi ambayo shule za kawaida hazijui kuifanya: kumpokea msichana pamoja na mtoto wake. Mpango wanauita Elimu Haina Mwisho.

Mwalimu aliyetupokea hakuanza na cheti. Aliuliza, "Mtoto yuko wapi?" Dada akasema nyumbani, kwa bibi. "Kwa nini hukuja naye?" Dada akanitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo.

Akatupeleka kuona. Chumba kina mikeka, vikombe vya rangi vimepangwa, walezi wawili, nilihesabu watoto kumi na nne na mmoja aliyejificha chini ya meza. Dirisha lake linatazamana na darasa. Wakati wa mapumziko mama mmoja alitoka na kalamu sikioni, akavuka uwanja, akanyonyesha, akarudi kwenye jiografia. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Wenye watoto wana bweni lao.

Masomo ya sekondari ya miaka minne yanabanwa kuwa miwili. Aliyeishia kidato cha pili bila kufanya mtihani wake, kama dada, anapitia kwanza mtihani wa maarifa ndipo afanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Pamoja na hayo kila mmoja anachukua fani. Mwalimu akafungua orodha, kalamu tayari imeelekea kwenye ushonaji. Dada akasema umeme wa majumbani. Mwalimu akainua macho, akamuuliza nyumba ikizimika taa upande mmoja tu utaanzia wapi kutafuta kosa. Dada akaeleza, kwa mikono, akianzia kwenye boksi la sakiti breka na kushuka. Alipofika kwenye waya wa ethi mwalimu alikuwa ameshaandika.

"Mko watatu mwaka huu," akasema. "Wasichana, kwenye umeme. Mwaka juzi hakukuwa na hata mmoja."

Anaanza Jumatatu, na mtoto wake. Njiani kurudi hakulala. Alikuwa akiniambia bei za vitu: testa, plaizi, bisibisi seti, viatu vya soli nene. Kisha akanyamaza, akasema kwa aibu, "Anti, usinielewe vibaya kuhusu cherehani."

Alhamisi, 16 Januari. Kurudi

Cherehani ikapanda tena bodaboda, ikashuka kilima, ikaingia Noah. Alfajiri ileile wanawake sita na majembe walikuwa wakiingia shambani kwa mama. Walinipungia bila kusimama.

Iringa mjini nilizunguka nayo kwa mkokoteni maduka manne. Niliuza kwa hasara ya elfu arobaini na nikatuma pesa yote kwa simu, na ya kutolea. Niliandika kwenye ujumbe: za vifaa. Na nikaongeza ule mwezi wa 36, ambao Jumapili nilisema nitautuma "nikifika".

Stendi, mume wangu akapiga. Kabla ya pole ya safari: "Mtoto tunamwacha na nani Jumatatu?" Akasema kuna shangazi wa jirani yetu yuko Iringa, amepata binti, wananisubiri hapo stendi, nije naye. Wamepanga kila kitu.

Walikuwa karibu na kibanda cha tiketi. Shangazi alinichangamkia, akanisifia binti, mtiifu, hali sana, hana simu. Binti ameshika mfuko wa rambo, sweta la shule ya msingi limembana mabega. Nilichuchumaa. Una umri gani? Kumi na nne. Umemaliza la saba? Ndiyo. Ulifaulu?

"Nimechaguliwa kidato cha kwanza."

Tangu Jumatatu wenzake wako darasani. Ada haipo, ilifutwa kwa sekondari tangu 2016. Kilichokosekana ni sare, madaftari, ndoo, fagio, fomu ya kujiunga ina ukurasa mzima wa vitu. Na ndugu wawili wadogo nyumbani, mama mgonjwa. Nilimwambia shangazi kwamba siendi naye. Nikampa nauli ya kumrudisha na namba 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, nikamwambia shuleni wakimkataa kwa sare wapige. Shangazi aliipokea nauli. Namba hakuiandika. "Usipomchukua wewe," alisema bila hasira, "basi la saa sita lina mwingine anayemtaka."

Nilipiga 116 mimi mwenyewe nikiwa nimeshakaa kwenye kiti, nikataja stendi, rangi ya sweta, jina la shule aliyochaguliwa. Basi likaondoka. Walikuwa wamesimama palepale, rambo imewekwa chini.

Ruaha Mbuyuni mtandao uliporudi nikakuta ujumbe wa dada. Pesa imefika. Mtoto leo amelala mapajani kwake mchana, hakuamka. Na swali: wale watu wa mein swichi ya nyumbani kwangu, je, walirudi kukaza ule waya uliokuwa unachemka, maana alimwambia fundi na fundi hakumsikiliza?

Nikampigia mume wangu akaangalie.